Boko Boko ya Barkas

Nilipokuwa natoka Tanga kwenda Hyderabad kusoma famasia, Julai 2011, mtaa mzima ulikuwa na kauli moja ya kuniagia: "Haya, unakwenda kwa Wahindi." Bibi yangu akaongeza yake: "Na usiturudie na mmoja."

Sisi watu wa Tanga tunadhani Wahindi tunawajua. Tumesoma nao, tumekopa madukani mwao, bajia zao tumezila mpaka tukazifanya zetu. Tuna majina ya kuwagawa: Mabohora, Maithnaashiri, Mabaniani, Masingasinga, Magoa. Lakini mtu akitaka kumaliza maneno, wote hao ni Wahindi basi. Ndivyo nilivyopanda ndege, nikiwa na kilo moja ya karafuu, kanga tatu na neno hilo moja.

Wiki ya kwanza Hyderabad nilimtafuta Mhindi nikamkosa. Dereva wa bajaji aliyenichukua uwanja wa ndege alinisemesha Kiurdu, akagombana na trafiki kwa Kitelugu, kisha akapiga simu na kuomba pesa kwa Kiurdu tena, cha kubembeleza safari hii. Duka la vyombo nililonunua godoro na ndoo lilikuwa la Mmarwari, ambaye ukoo wake ulitoka jangwa la Rajasthan vizazi vinne nyuma, na bado anajiita mgeni. Msajili wa chuo alikuwa Mkayastha, Mhindu ambaye babu yake aliandika mashairi ya Kiajemi. Kila niliyemuuliza "wewe ni mtu wa wapi?" alinitajia mahali ambapo si Hyderabad, kisha akaniambia kwamba hawezi kuishi pengine popote.

Mimi wao walinimaliza kwa neno moja: Afrika. "Africa se?" Nikisema Tanzania, wananiuliza iko upande gani wa Nigeria. Basi tukawa sawa.

*

Nyumba ilinisumbua. Dalali alinizungusha siku nne. Kwenye simu chumba kipo, tukifika mlangoni kimeshachukuliwa; mwenye nyumba mmoja alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akamwambia dalali kwa Kiurdu kitu ambacho sikukielewa siku ile, na nilipokielewa miezi sita baadaye nilisikia hasira upya kama vile kakisema asubuhi hiyo. Watoto wa mtaani walinifuata wakiita "Habshi! Habshi!" Neno lenyewe ni Mhabeshi tu, la zamani sana huko, lakini watoto hawakuwa wanasoma historia.

Mwishowe niliangukia Tolichowki, mtaa wenye Wasomali, Wasudani na Wayemeni wengi, wanafunzi na wagonjwa na wafanyabiashara, kiasi kwamba duka la kona lilikuwa linauza unga wa mahindi. Mama mwenye nyumba alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu. Aliniambia nimwite Khala. Nikacheka, kwa sababu kwetu dada yake mama tunamwita khalati. Alipouliza ninacheka nini nikamweleza, naye akapiga kelele kumwita jirani wa chini: "Akka! Njoo umsikie huyu mtoto, ana maneno yetu!"

Akka kwa Kitelugu ni dada mkubwa. Alikuwa Mhindu, mkaguzi wa hesabu za benki, na katika miaka minne niliyokaa pale sikuwahi kusikia akimwita Khala kwa jina wala Khala akimwita yeye kwa jina.

Maneno yetu yalikuwa mengi kweli. Duka wao dukan, gari gadi, rangi rang, kitabu kitab, dunia duniya, pesa paisa, bima bima vile vile. "Lakini" wao wanasema lekin. Mengine yametoka Uarabuni na Uajemi yakaenda pande zote mbili, mengine yalipanda jahazi huko huko yakatufikia sisi. Kwa miezi mitatu nilizungumza kwa kubahatisha: nachukua neno la Kiswahili, nakata irabu ya mwisho, naona kama litakubali. Mara nyingi lilikubali. Lisipokubali Khala alicheka hadi akashika ukuta.

Kiurdu chenyewe kinachosemwa pale si kile cha redioni. Wanakiita Dakhni, lugha ya Dekani, yaani nyanda za kusini. Kwenye "hapana" hawasemi nahin, wanasema nakko, neno walilolitoa kwa Wamarathi. "Ndiyo" ni hau. "Kwa nini" ni kaiku. Na wingi wanautengeneza kwa kuvuta mkia wa neno: log, watu, inakuwa logaan, baat, maneno, inakuwa baataan. Mtu wa Delhi au Lucknow akisikia hayo hucheka vile vile Mzanzibari anavyocheka akisikia Kiswahili cha Nairobi. Mhyderabadi hajali. Mfalme aliyeujenga mji huo, Muhammad Quli Qutb Shah, aliandika mashairi yake kwa Dakhni hiyo hiyo, akisifia mvua na sikukuu ya Basant, wakati Delhi bado wakiona aibu kuandika shairi kwa kitu kingine kisichokuwa Kiajemi. Charminar, ule mnara wa miguu minne ulioko katikati ya mji, ni wake, wa mwaka 1591.

Neno nililolipenda kuliko yote ni parson. Kwenye kamusi maana yake ni juzi. Hyderabad maana yake ni wakati wowote uliopita. Khala alisema parson alikwenda sokoni, yaani juzi kweli. Parson aliolewa, yaani 1969. Parson Nizam, mtawala wa zamani wa Hyderabad, alikuwa anapita hapa na gari lake bovu, yaani kabla hajazaliwa yeye. Wenzangu wa kutoka Kerala walikuwa wanaona ajabu. Mimi nilikuwa nyumbani: kwetu pia mzee akisema "juzi juzi hapa Mjerumani alipokuwepo," hakuna anayeshtuka.

*

Sasa swali ambalo lilinikaa kichwani mwaka mzima wa kwanza: hawa watu wote walifuata nini huku ndani, mbali na bahari, penye majabali na joto la kukaangia yai?

Vitabu vya watalii vinapenda kusema mji ulijengwa kwa mapenzi na wafalme wavumilivu. Yapo hayo, sikatai. Ibrahim, babake Muhammad Quli, aliwalea washairi wa Kitelugu mpaka wakamtunga jina la kwao, Malkibharama. Lakini nikiwa nimekaa jikoni kwa Khala nikimsikiliza anavyowapanga majirani zake, niliona kitu kingine, cha kawaida zaidi. Kila kabila la pale lina kazi iliyolileta. Mji ule ni mji wa watu walioajiriwa.

Ukoo wa Nizam, uliotawala kuanzia 1724 hadi 1948, ulikuwa wa Waislamu wachache juu ya raia wengi Wahindu, tena ulianza kwa gavana aliyejitenga na mfalme wake wa Delhi. Mtawala wa namna hiyo haamini kila mtu. Akaleta Wakayastha kutoka kaskazini wamshikie daftari. Wamarwari wakaja kumkopesha fedha, wakaijaza Begum Bazaar. Masingasinga waliletwa kutoka Punjab karne ya 19 kama askari, na wajukuu zao leo wanavaa kilemba na kusema nakko kama kawaida. Wapathani, askari. Waarabu wa Hadhramaut, askari na walinzi. Waafrika, askari wa farasi. Waparsi, mameneja na wafanyabiashara. Wairani walikuja baadaye kutafuta riziki, wakafungua mikahawa, ndiyo maana chai ya Hyderabad ni chai ya Kiirani: majani yanachemshwa masaa kwenye chombo kilichofunikwa, maziwa yanachemshwa peke yake mpaka yawe mazito, vinakutana kikombeni. Inaliwa na biskuti iliyopewa jina la Nizam wa mwisho, Osman Ali Khan, nusu tamu nusu chumvi. Nilizila sana biskuti hizo. Sketi zangu ni mashahidi.

Mtu wa pwani yetu hawezi kusoma orodha hiyo asiikumbuke ya kwao. Sultani wa Unguja aliwaweka Wabulushi wakamlinda, forodha akawapa Mabaniani. Hawakuitana kwa kupendana. Waliitana kwa mshahara, kisha watoto wakazaliwa, na mtoto hana habari na mkataba wa babu yake.

*

Khala alikuwa na wifi yake Barkas. Hapo ni kusini mwa mji, ng'ambo ya mto Musi, mbele sana ya Charminar. Jina ni lile neno la Kiingereza la kambi ya askari, limetafunwa na ndimi za Kiarabu na Kiurdu mpaka likawa Barkas. Askari wa Kihadhrami wa Nizam walikaa pale, na vizazi vyao wapo hadi leo. Wenyeji wanawaita Chaush.

Tulikwenda Ijumaa moja ya Desemba, asubuhi ya mapema, kwa sababu Khala alisema kitu chenyewe saa mbili kimekwisha. Hakutaka kuniambia ni kitu gani. Tulishuka kwenye bajaji nami nikasimama. Wazee wamekaa vibarazani wamejifunga mashuka kiunoni, bila mkanda, kwa ule mkunjo wa mbele wa kikoi. Mmoja kashika tasbihi, mwingine kikombe kidogo cha kahawa. Mapera yamepangwa kwenye mkokoteni, maana Barkas inajulikana kwa mapera. Juu ya mlango wa duka moja kumeandikwa jina la ukoo: Bawazir. Nilisoma na binti wa Bawazir darasa la tano.

Wifi yake Khala alituingiza ndani, akatandika kitambaa chini, akaleta sahani pana iliyofukiza moshi. Uji mzito wa rangi ya mchanga wa pwani, umetulia, umevutika, na katikati kijishimo cha samli. Aliuita harees.

Nilitia kidole, nikatia mdomoni. Ngano iliyolala majini usiku, nyama iliyochemka mpaka ikasahau kama ilikuwa na nyuzi, chumvi, mdalasini kidogo, na mkono wa mtu aliyeponda kwa mwiko bila kupumzika. Boko boko. Ile ile ya harusi za kwetu, ile ya asubuhi ya Idi ambayo mama huanza kuipika usiku na kutuamsha kwa zamu tukaponde. Kitu pekee kilichokosekana ni vitunguu vya kukaanga juu.

Nikaomba sukari. Wifi akapiga kofi sakafuni akamgeukia Khala: "Unaona? Hata yeye ni wa sukari!" Kumbe Barkas wamegawanyika, wa sukari na wa chumvi, na ugomvi huo ni wa kudumu. Khala, ambaye ni wa chumvi, hakufurahi.

Nilieleza kwamba kwetu Tanga Waarabu wa Hadhramaut tunawaita Washihiri. Mzee mmoja, baba mkwe, aliyekuwa kimya kwenye kona muda wote, akainua kichwa. "Shihr," akasema. Akaniambia kwamba masultani wa Al-Quaiti, waliokuja kutawala Shihr na Mukalla, utajiri wao na nguvu zao walizichuma hapa, kwenye jeshi la Nizam. Walikuwa majemadari Hyderabad kwanza, masultani Hadhramaut baadaye. Basi mtu alikuwa akitoka kijiji kimoja, kaka anapanda jahazi la kwenda India kushika bunduki, mdogo wake anapanda la kwenda Mombasa au Tanga kuuza kahawa. Wote wawili wanapika ngano na nyama. Wajukuu wao tumekaa kitambaa kimoja tunagombea sukari, huku mimi wa kuja tu, sina hata tone la Uarabu, bibi yangu Mdigo na babu Mbondei.

Baadaye niliielewa haleem pia. Ni binti ya harees hiyo aliyeolewa na jiko la Kihyderabadi: wamemtia dengu, tangawizi, pilipili manga, iliki, nanaa, limau na samli ya kuogelea. Mwezi wa Ramadhani mbele ya kila hoteli wanajenga matanuri ya matofali na udongo, sufuria linazikwa hadi shingoni, na wanaume wawili wanasimama juu yake na michi mirefu ya mbao wakiponda kwa zamu tangu alfajiri. Mwaka 2010 haleem ya Hyderabad ilipewa ulinzi wa sheria wa jina la mahali, kwamba asiyeipika kwa masharti yao asiiite hivyo. Jioni foleni haina dini. Akka alikuwa ananituma mimi nimletee, kwa sababu mbele ya wazazi wake hali nyama.

*

Nilipojua kuna mtaa unaitwa A.C. Guards, na kwamba herufi hizo ni kifupi cha African Cavalry, yaani kikosi cha askari wa farasi wa Kiafrika, nilifunga safari kama mtu anayekwenda kwao. Nilivaa kanga begani makusudi.

Nizam alikipata kikosi hicho karne ya 19 kutoka kwa raja wa Wanaparthy, na baada ya jeshi la India kuichukua Hyderabad Septemba 1948, kikavunjwa. Familia zilibaki. Wenyewe huitwa Siddi. Mtaa sasa umejaa maghorofa na zahanati, hukuti geti lenye sanamu ya farasi. Niliuliza uliza mpaka nikaelekezwa kwa mzee mpiga ngoma. Uso wake ungeweza kukaa kwenye baraza yoyote ya Pangani. Nikamsalimia: "Shikamoo, babu."

Akanitazama kwa huruma. "Kya boli?" Kasema nini huyu?

Hakuwa na hata neno moja la Kiswahili. Wala hakuvutiwa sana na Afrika yangu. Alisema babu zake walitoka Afrika, ndiyo, kila mtu anajua, na walikuwa warefu kuliko farasi zao. Nilipouliza sehemu gani, alipunga mkono upande wa dirisha, magharibi hivi. Kisha akauliza yeye: "Na wewe, umekuja lini Hyderabad?" Nikamwambia mwaka jana. Akatikisa kichwa kama mwenyeji anavyomsikitikia mgeni, akaniambia niwe mwangalifu na madalali wa nyumba.

Nakiri nilitoka pale nimeudhika. Nilikuwa nimekwenda kumgawia Uafrika, nikakuta yeye ana Uhyderabadi wa kutosha, haombi. Ilinichukua muda kuona kwamba aliyenichukiza ni mimi mwenyewe na kanga yangu.

Lakini kabla sijaondoka mjukuu wake alileta ngoma. Marfa wanaiita, na ni jina la muziki wenyewe pia: ngoma bapa, ngoma ndogo za mkononi, sahani za chuma zinazogongwa kwa fimbo. Wasiddi na Wahadhrami waliutengeneza pamoja kwenye kambi za askari. Pigo maarufu linaitwa teen maar, mapigo matatu. Hakuna harusi ya Hyderabad bila teen maar, iwe ya Waislamu au ya Wahindu, na sikukuu ya Ganesh wakipeleka masanamu ziwani Hussain Sagar pigo ni hilo hilo. Mzee alipiga kidogo tu, ameketi, macho kafumba. Mabega yangu yalijibu kabla yangu. Hapo ndipo alipocheka.

*

Julai hadi Agosti, kwenye mwezi wao wa Ashada, wanawake wa Kitelugu hufanya Bonalu. Inaanzia ngome ya Golconda, ambayo kutoka Tolichowki ni karibu. Akka alinichukua mwaka wangu wa pili.

Chungu chake alikipaka manjano, akakichora madoa mekundu. Ndani wali uliopikwa kwa maziwa na sukari guru. Shingoni mwa chungu akafunga majani ya mwarobaini, juu akaweka taa ya mafuta. Akakitwika kichwani, akaanza kupanda ngazi za ngome, zaidi ya 300, miguu mitupu, sari ya kijani, wanawake mia kwa mia mbele na nyuma yetu, taa zote zinacheza cheza juu ya vichwa. Nilimuuliza mwarobaini wa nini. Wa maradhi, akasema. Mungu mama huyu, Mahankali, huombwa azuie tauni na ndui. Nikamwambia kwetu jina la mti huo ni kwamba unatibu maradhi arobaini. Akasimama palepale ngazini, chungu kichwani, akahesabu. "Arobaini? Haujawahi kunitibu hata mafua."

Mbele ya msafara alikuwepo Pothuraju, mwanamume mwenye misuli, mwili mzima manjano, kengele miguuni, anachapa mjeledi hewani na kucheza. Ngoma ilikuwa teen maar.

Muharram nayo mambo hugeuka upande wa pili. Siku ya Ashura alama ya Bibi Fatima, Bibi ka Alam, hutolewa Dabeerpura ikiwa juu ya tembo, na njiani Wahindu nao wanasimama kutoa sadaka na kuweka nadhiri. Vijijini Telangana, eneo la Watelugu linaloizunguka Hyderabad, wanaisherehekea wenyewe, wanaiita Pirla Panduga. Khala, Msunni wa msimamo, alikuwa haendi. Akka alikwenda kila mwaka.

Nisije nikawafanya watu mkaona mji wa peponi. Novemba 2012 palitokea fujo karibu na Charminar kwa ajili ya hekalu dogo lililoegemea mguu wa mnara, mawe yakarushwa, polisi wakaujaza mji wa kale. Februari 2013 mabomu mawili yalilipuka Dilsukhnagar jioni, watu wakitoka kazini. Waliokufa walizidi 15. Siku zile za Novemba Khala na Akka hawakusemeshana. Hawakugombana. Kila mmoja alifunga mlango wake, akawasha televisheni yake, chaneli tofauti. Mimi katikati napita kwenye ngazi nabeba ukimya wao juu na chini. Siku ya nne mpira wa sufuria ya presha ya Khala ukakatika, na maduka yamefungwa. Alinituma kwa Akka. Akka akautoa wa kwake, akauosha, akanipa, kisha akanifuata nyuma hadi juu kuangalia kama umekaa sawasawa. Walizungumza saa nzima, habari ya mpira tu.

*

Mwaka wangu wa tatu lile swali langu la kijinga, "wewe ni mtu wa wapi", likawa siasa ya mji mzima.

Kuna neno pale: mulki, mwenyeji wa nchi. Nizam wa mwisho mwaka 1919 aliweka sheria kwamba kazi za serikali ni za mulki, na asiyezaliwa pale awe amekaa miaka 15. Watu kutoka kaskazini walikuwa wanakuja kuchukua vyeo. Mwaka 1952 wanafunzi waliandamana kwa jambo hilo. Mwaka 1956 Telangana iliunganishwa na Waandhra wa pwani, Watelugu wenzao wa lugha moja, na waliokuja kuzua ugomvi wa nani kachukua kazi ya nani wakawa ndugu hao hao. 1969 risasi zikapigwa. Nilipofika mimi 2011 migomo ya kudai Telangana ijitenge ilikuwa inatufungia chuo wiki nzima.

Nilichojifunza hapo sikukitarajia. Mwarabu wa Barkas hakuwa mgeni. Mzee wa A.C. Guards hakuwa mgeni. Mmarwari wa vyombo hakuguswa. Mgeni alikuwa Mtelugu wa Guntur, huko Andhra ya pwani, anayesema Kitelugu cha kitabuni, mwenye kampuni ya kompyuta kule HITEC City. Akka alikuwa anawaiga lafudhi jikoni mpaka tunalia kwa kicheko. Kitelugu chake yeye kimejaa Kiurdu, na aliona fahari.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Juni 2014 Telangana ikawa jimbo. Tulipanda darini sote watatu. Fataki zilitokea upande wa ziwa. Akka alikuwa kajipaka rangi ya waridi mashavuni, rangi ya chama kilichodai jimbo hilo. Khala alikaa kwenye kiti cha plastiki, akasema huu ni utawala wa nne anaouona au kusimuliwa kwenye nyumba hiyo, na hakuna hata mmoja uliolitengeneza bomba la maji. Kisha akanihesabia kwa vidole. Miaka mitatu. "Bado 12," akaniambia. "Ukifikisha 15 wewe ni mulki."

*

Sikufikisha. Nilirudi Tanga 2015, nina duka langu la dawa karibu na soko. Siku za Jumapili Khala hunipigia simu ya picha, simu kaielekeza darini, naongea na feni. Nyuma nasikia anamwambia mpangaji mpya, msichana wa Kisomali, kwamba huyu ni yule binti aliyekuwa anakaa chumba hicho. Parson, anasema.

Ramadhani iliyopita niliamua kuwapikia watu wa kwetu. Ngano niliiloweka kama mama anavyoloweka, nyama nikaweka ya mbuzi, lakini nikatia dengu nyekundu, tangawizi, pilipili manga, nanaa mwishoni, nikaponda kuanzia adhuhuri. Mama alikuja na kijiko, akaonja, akatazama ndani ya sufuria, akaonja tena.

"Nani kakufundisha kuharibu boko boko hivi? Wahindi?"

Nilitaka kumuuliza Wahindi gani. Lakini alikuwa kashavuta kibao, kakaa, na bakuli lake lilikuwa tupu, nikamwongezea.